Musi na msonobari: malisho yako mikononi mwa mwenye msumeno

Nchini Uswidi, mwenye msitu akilalamika kuhusu miche yake ya msonobari, mara nyingi anamlalamikia musi. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote katika jamaa ya kulungu. Dume aliyekomaa hufika kilo 500, na hata wakati wa baridi kali anahitaji kilo 5 hivi za malisho makavu kila siku. Theluji ikishafunika nyasi na vichaka, kilichobaki usawa wa mdomo wake ni vijiti, magome na msonobari mchanga.

Uharibifu ni hesabu ya vinywa na malisho. Bunduki hupunguza vinywa, msumeno huongeza malisho. Wenye misitu wengi huililia bunduki tu, ilhali msumeno wanao wenyewe.

Kwanza uhakikishe ni musi kweli. Hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati kijiti bali hukivuta na kukinyofoa. Ncha inabaki na nyuzi zilizochanika. Sungura huacha mkato safi wa mshazari, kama wa kisu. Musi pia huvunja shina: huuma mti wenye urefu wa mita 2 au 3, akauinamisha hadi ukatike, kisha akala kilele kilichoanguka. Tatu ni gome lililochunwa, ambalo huacha kidonda cha utomvu. Chipukizi la juu likiliwa mara moja, tawi la pembeni hupanda na kushika nafasi yake, lakini shina hubaki na kona, na tawi lililosimama wima ndani yake huacha fundo refu linaloshusha daraja la mbao. Mti huo huvunwa baada ya miaka 80 hadi 100, si 25 hivi kama misonobari ya shamba la Sao Hill, Tanzania. Kosa la msimu mmoja hulipiwa na mjukuu.

Kwa hofu hiyo, wengi wamepanda sprusi, mti mwingine wa jamii ya msonobari, mahali pa msonobari, kwa kuwa musi haipendi sprusi. Mimi nahesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Kwenye mchanga mkavu na maskini, sprusi hudumaa, na ukame ukija hukosa utomvu wa kujikinga na mbawakawa wa magome. Baada ya ukame wa 2018, mbawakawa hao waliua mamilioni ya mita za ujazo za sprusi kusini mwa nchi. Isitoshe, kila hekta ya msonobari inayogeuzwa sprusi inaondoa malisho, na musi walewale wanabanana kwenye misonobari michache iliyosalia. Jirani anayefuata naye anaogopa, naye anapanda sprusi.

Kwa hiyo panda msonobari pale udongo unapoutaka, na uupande kwa wingi. Kwaruza udongo kwanza, mbegu za pembeni ziote zenyewe, kisha weka miche 2,500 kwa hekta au zaidi. Ukiacha miti mama itoe mbegu, unaweza kupata miche mingi kuliko hiyo bila gharama ya kupanda. Lengo ni kwamba musi ale sehemu yake na bado ubaki na mashina mazuri ya kuchagua.

Kazi inayoharibiwa mara nyingi ni upunguziaji wa kwanza. Mwenye msitu huingia na msumeno wa kufyekea miti ikiwa na mita 2, akaondoa kila kitu kisicho msonobari, akaacha mashina 2,000 kwa hekta, yaliyopangana vizuri. Kwa macho, shamba limependeza. Kwa musi, ameondolewa kila alichokuwa akikipenda zaidi, akaachiwa msonobari peke yake, ukiwa bado usawa wa mdomo wake. Maana musi ana uchaguzi: kwanza miti ya majani mapana kama roani, aspeni, mierebi na mialoni, kisha msonobari; betula, nayo ya majani mapana, huja baadaye. Palipo na musi wengi, subiri misonobari ipite mita 4, acha mashina 3,000 au zaidi, na uchague yale ya mwisho baadaye, vilele vikishatoka hatarini.

Kusubiri si kukaa bure. Betula inayoupita msonobari kimo lazima ishushwe mapema, kwa sababu msonobari uliofunikwa hudhoofika, na pia huliwa zaidi. Roani, aspeni na mierebi usiikate chini kabisa. Pandisha msumeno hadi kiunoni, kama sentimita 70 hadi 100 kutoka ardhini. Kisiki hicho hutoa machipukizi mengi mahali musi anapoyafikia, na hakiwezi tena kuutia msonobari kivuli. Kazi ni ileile na mafuta ni yaleyale, ila mkono umenyanyuka kidogo. Pale ambapo roani imesimama pembeni isipomdhuru yeyote, iache kabisa, maana siku hizi roani iliyokua hadi kuzaa matunda ni adimu.

Uvunaji nao una nafasi yake. Misonobari mikubwa ikiangushwa kati ya Desemba na Machi, matawi ya juu yaliyokuwa mita 20 hewani yanashuka mdomoni mwa musi, mabichi, wakati ule ule anapoona njaa. Kinachoharibu ni mashine. Dereva akitandika vilele kwenye njia yake ili magurudumu yasizame, vinasagika na kujaa matope, na hakuna mnyama atakayevigusa. Mwambie aviache kando ya njia, vikiwa vimelaliana ili theluji isivifunike vyote. Kama matawi yameuzwa kwa ajili ya kuni za mitambo ya joto, yasombwe baada ya baridi kuisha.

Kuna na bluberi, kichaka kifupi cha matunda madogo ambacho musi hukila. Kinahitaji mwanga, na msitu uliosongamana hukiua, hivyo upunguziaji mzuri kwenye msitu wa makamo ni malisho pia. Kusini, kulungu wadogo ni wengi na hukimaliza, ndipo musi anageukia msonobari. Ukihesabu musi peke yake, utakosea.

Dawa ya kufukuzia iliyotengenezwa kwa mafuta ya kondoo inasaidia kwenye eneo dogo. Hupakwa chipukizi la juu wakati wa vuli, siku kavu isiyo na barafu, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu chipukizi la mwaka ujao halina dawa.

Kipimo hufanywa baada ya theluji kuyeyuka, kabla machipukizi mapya hayajatoka, kwenye misitu michanga ya mita 1 hadi 4. Piga duara la nusu kipenyo cha mita 3.5 na uhesabu misonobari iliyoumia msimu huu tu. Jeraha jipya lina rangi ya njano hafifu. La zamani limekuwa kijivu, na miaka yake inahesabika kwa mizunguko ya matawi kwenye shina, maana msonobari hutoa mzunguko mmoja kila mwaka. Kiwango kinachovumilika ni asilimia 5 ya misonobari kwa mwaka. Ikiwa malisho umeyaacha na bado kipimo kinazidi hapo miaka mfululizo, basi vinywa ndivyo vimezidi. Peleka karatasi zako kwenye kikao cha eneo la usimamizi wa musi, utaratibu uliopo tangu 2012, uombe idadi ya kuwindwa iongezwe.