Rangi kupishana kwenye chapa ya mabamba matatu: jinsi nilivyotatua
Katika picha inayochapwa kwa mabamba matatu, kila moja na rangi yake, mistari ya bamba la tatu ilipishana na ya bamba la kwanza kwa milimita 2, na msanii alitaka igusane kabisa. Mabamba ya shaba yalilingana. Tatizo lilikuwa karatasi. Karatasi ya pamba ikilowa hutanuka, ikikauka kati ya rangi na rangi husinyaa.

Sasa tunailowesha jioni na kuifunga kwenye plastiki hadi asubuhi, unyevu uenee sawasawa. Mabamba yote hutiwa wino kabla, kisha huchapwa mfululizo. Ukingo mrefu wa karatasi hubaki umebanwa chini ya rola ya mashine ya kuchapia. Tunaiinua karatasi, tunabadilisha bamba na kuliweka kwenye alama zilezile za bamba lililotangulia. Wino wa pili na wa tatu uwe laini zaidi, kwa matone machache ya mafuta ya kitani. Ukiwa mzito, hunyofoa rangi iliyotangulia.