Sumu ya nyuki na donda la kisukari

Ami yangu ana donda la unyayo ambalo kisukari hakiliachi lifunge, na juzi aliniuliza kama ni kweli kwamba mtu akiumishwa nyuki karibu na kidonda, nyama huota upesi. Swali lake si la kipuuzi, kwa kuwa wanasayansi nao wamelishughulikia.

Takriban nusu ya uzito wa sumu ya nyuki iliyokaushwa ni melitini, protini fupi yenye asidi amino 26, ambayo hujipachika kwenye utando wa seli na kuutoboa. Ndiyo inayotuunguza tunapoumwa, na ndiyo inayoua bakteria kadhaa maabara. Hata hivyo, ikipunguzwa sana, imeonekana kutuliza ishara zinazochochea uvimbe, na hapo ndipo hoja ya donda inapoanza: donda la kisukari aghalabu hukwama katika hatua ya uvimbe, lisifikie hatua ya kuota nyama mpya na mishipa midogo ya damu. Katika panya waliosababishiwa kisukari, majeraha yaliyotibiwa kwa sumu ya nyuki yamefunga mapema kuliko yale ambayo hayakutibiwa.

Kuhusu seli shina, yaani zile za uboho na mafuta ya mwili zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine na kutoa kemikali za kuamsha ukarabati, habari nyingi zinatoka kwenye visahani vya maabara. Kipimo cha sumu kikiwa kidogo, seli huishi na huweza hata kuchangamka. Kikizidi, melitini huzitoboa zikafa. Mimi naona jambo lote limo katika mpaka huo mwembamba, na wauzaji wa mafuta ya sumu ya nyuki (wapo wengi mtandaoni) hawautaji kamwe.

Nyuki hajui kupima. Mwiba mmoja huingiza takriban miligramu 0.1 ya sumu nzima, pamoja na kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa sumu hiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Uhispania waliripoti kifo cha mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akiumishwa nyuki kama tiba kwa takriban miaka miwili bila tatizo, hadi alipopata mshtuko wa mzio. Kwa hiyo kusema "mimi nimeshazoea" hakumkingi mtu. Tena mguu wa kisukari mara nyingi umekufa ganzi, na mwenyewe hatahisi pale ngozi inapoharibika zaidi.

Ami alipotaka angalau apake asali, nilimweleza kwamba asali ina ushahidi kwa binadamu, hasa kwenye majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu, ingawa kwa donda la kisukari ushahidi ni hafifu. Isitoshe, ile ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi ya gama, ilhali asali ya mikoko tunayonunua hapa Mombasa, tamu ilivyo, huenda ikawa na mbegu za bakteria zisizofaa kuingia kwenye donda lililo wazi.