Una ndugu wangapi?

Septemba 2022, majuma machache baada ya sensa, nilikuwa nafundisha takwimu darasa la tano. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kwenye ukarani, mitaa niliyozunguka na kishikwambi bado inanijia usingizini, nikatamani watoto nao waonje kazi ya kukusanya taarifa. Nikaandika ubaoni: "Una ndugu wangapi?" Kila mmoja akajibu kwenye kipande cha karatasi.

Nikaanza kusoma: 4, 2, 7, 31. Kisha zikaja karatasi za mapacha wanaokaa dawati moja. Mmoja ameandika 3, mwenzake 11.

Darasa likaguna. Yule wa 11 akasimama, akahesabu kwa vidole: kaka, dada, watoto wa mama mdogo, watoto wa baba mkubwa walioko Korogwe. "Wote ndugu zangu, mwalimu." Pacha wake akamkatiza: "Mimi nimehesabu wa tumbo moja."

Hakuna aliyekosea kati yao. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na nisingethubutu kumwambia mtoto vinginevyo. Mimi ndiye niliyewahesabisha kitu tusichokubaliana ni kipi.

Nikafuta swali. Nikawaeleza kwamba hata sensa haikuuliza tu "mko wangapi humu". Iliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, maana mtu anaweza kuwa na kwao kwingi, lakini usiku mmoja hulala mahali pamoja, asihesabiwe mara mbili. Ndiyo baadaye, matokeo yalipotangazwa Oktoba, tukapata watu 61,741,120 Tanzania nzima.

Wakalipenda wazo hilo. Tukaandika: "Ni watu wangapi walilala nyumbani kwenu usiku wa kuamkia leo?" Mikono ikanyooka. Mgeni aliyefika usiku wa manane je? Dada anayekula kwetu lakini analala kwa bibi? Binti mmoja wa nyuma, ambaye ni nadra kusema, akauliza taratibu: "Baba ni mlinzi. Usiku hayupo, analala mchana. Nimwache?"

Swali hilohilo tulilibishania watu wazima kwenye mafunzo ya makarani, na jibu nilikuwa nalo. Sikulitoa. Nikampa chaki.

Wakabishana hasa. Sentensi ikafutwa na kuandikwa upya mara nne. Kengele ilipogongwa hatukuwa tumehesabu hata mtu mmoja, na yule binti alikuwa bado ubaoni, anaongeza mwishoni kwa herufi kubwakubwa: "pamoja na waliokuwa kazini usiku".