Digrii ya upishi Minnesota: nani asome, na alipe kiasi gani

Mpwa wangu wa Brooklyn Park amemaliza sekondari na anataka kusomea digrii ya upishi katika chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili vilivyoenea kote Marekani. Nyumbani kwao mjadala haujatulia. Baba anataka unesi, kama wazazi wengi Wakenya katika vitongoji hivi vya kaskazini mwa Minneapolis, na hoja yake ina uzito: sheria ya serikali kuu inadai angalau saa 75 za mafunzo kwa msaidizi wa muuguzi, ngazi ya kuanzia, kwa hiyo kijana anaweza kuwa kazini mapema sana. Mama yake ananiuliza jambo moja tu. Je, pesa itakayotoka itarudi?

Naulizwa kwa sababu maisha yangu yote ya Marekani nimeyapitisha jikoni, mwanzo mgahawani na sasa hospitalini. Jibu langu ni kwamba isome, mradi usikope, na mradi ujue mapema ni jiko la namna gani unalolitaka.

Kuhusu kutokukopa sina mchezo. Kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, ada ya wastani ya chuo cha jamii nchini Marekani kwa mkazi wa eneo husika ilikuwa kama dola 4,050. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi na inatolewa kwa wenye kipato cha chini walio raia au wenye grini kadi, ilifikia dola 7,395 mwaka huohuo. Hapa Minnesota, tangu majira ya kupukutika ya 2024 kuna pia mpango wa North Star Promise: mkazi wa jimbo ambaye kipato cha familia yake kiko chini ya dola 80,000 kwa mwaka, na ambaye hana shahada ya kwanza, jimbo humlipia sehemu ya ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine katika vyuo vya umma. Mpwa wangu anaingia humo moja kwa moja. Kwake yeye gharama iliyobaki ni visu, sare, viatu visivyoteleza, na ule muda ambao angekuwa anafanya kazi. Huo muda msiupuuze, maana ndio ghali kuliko visu.

Sasa linganisheni na shule za binafsi. Culinary Institute of America, kule Hyde Park, New York, ni shule ya heshima kubwa, lakini ada yake ya mwaka mmoja peke yake inapita dola 30,000. Na wako waliolipa bei za namna hiyo katika shule ambazo leo hazipo. Mwezi Desemba 2015 kampuni iliyokuwa ikiendesha matawi ya shule ya upishi ya Le Cordon Bleu nchini Marekani ilitangaza kuyafunga yote, likiwemo la hapa Minnesota. Wengi waliohitimu humo walianza kazi kwa mshahara uleule wa kijana aliyeingia jikoni bila cheti, huku wakidaiwa makumi ya maelfu ya dola. Mpishi mpya hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mjini Minneapolis kilikuwa dola 15.97 kwa saa mwaka 2025. Mshahara huo haubebi mkopo mkubwa pamoja na kodi ya nyumba.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema darasani hakuna kitu. Tuchukue pilau. Sisi tumezoea sufuria kubwa ilale jikoni, asubuhi tupashe moto tule na chai. Darasani utafundishwa kwa nini mkaguzi wa afya hawezi kukuruhusu: wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa moto, na zikikaa katika joto la uvuguvugu huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Sufuria iliyojaa haiwezi kupoa hivyo. Unaumwaga wali kwenye trei pana, tabaka jembamba, unaingiza kwenye friji bila kuufunika kwa kubana. Anayeijua sababu hii atapikia harusi ya watu mia nne na watu wote waamke salama.

Na hesabu. Hapa ndipo biashara nyingi za chakula za watu wetu hufia, nami nimezishuhudia zikifa huku chakula chao kikiwa kitamu. Ukinunua ratili kumi za mbuzi kwa dola 100 kwa ajili ya sambusa, ukatoa mifupa na mafuta ukabaki na ratili sita, ile nyama haikukugharimu dola 10 kwa ratili. Imekugharimu karibu 17. Bado hujaweka kitunguu, dania, manda, mafuta ya kukaangia, wala mkono wako. Somo la kukokotoa gharama ya sahani ndilo ningemwambia kila mwanafunzi alishike kuliko michuzi mitano ya Kifaransa.

Lakini pale digrii inapolipa kweli ni mahali ambapo vijana hawapaangalii, kwa sababu televisheni haipaonyeshi: majiko ya shule, hospitali, vyuo vikuu na nyumba za kutunzia wazee. Mgahawani hakuna anayekuuliza karatasi. Mwenye jiko anakupa kisu, anakutazama zamu moja, basi. Kwenye taasisi mambo ni tofauti. Kanuni za serikali kuu zinataka nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na wenye kipato cha chini, kama haina mtaalamu wa lishe wa muda wote, iwe na mkuu wa huduma ya chakula mwenye sifa zilizoorodheshwa, na digrii ya miaka miwili ya usimamizi wa huduma ya chakula ni mojawapo ya njia za kuzipata. Katika shule za umma, wilaya yenye wanafunzi wasiofika 2,500 inaweza kumwajiri mkurugenzi wa chakula mwenye digrii ya miaka miwili inayohusika na uzoefu wa mwaka mmoja. Asiye na digrii anatakiwa awe na uzoefu wa miaka mitatu.

Shemeji yangu huyu anayetaka binti awe nesi hajaona kwamba jengo ni lilelile. Wakenya wamejaa kwenye nyumba za wazee za Minnesota, wanawaogesha na kuwavalisha, na jikoni chini kuna nafasi ya usimamizi yenye bima ya afya, likizo, na zamu inayoisha kabla jua halijazama. Kwa mwanamke mwenye watoto, zamu hiyo ina thamani ambayo mgahawa wa Jumamosi usiku hauwezi kuifikia. Kwa hiyo, anayechagua kozi aangalie jina lake na masomo yake: kama hakuna usimamizi wa huduma ya chakula ndani yake, milango hii inaweza isifunguke.

Kwa walio nyumbani wanaotaka kuja na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kusomea upishi chuo cha jamii, nasema wazi: msiuze shamba kwa ajili hiyo. Ruzuku nilizozitaja haziwahusu. Ili chuo kikupe fomu ya I-20, ambayo ndiyo ya kuombea viza hiyo, lazima uonyeshe fedha za ada na za kuishi mwaka mzima. Wakati wa masomo kazi ni ya chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Ukihitimu unapata miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yako, na ile nyongeza ya miezi 24 ni ya sayansi na teknolojia, upishi haumo. Viza ya kazi ya H-1B nayo hudai kazi inayohitaji angalau shahada ya kwanza, na kazi ya kupika haihesabiwi hivyo.

Na yule anayetaka kuuza mandazi tu, digrii ya nini? Sheria ya Minnesota ya vyakula vya nyumbani inakuruhusu kujisajili, kupata mafunzo mafupi, na kuuza kutoka jikoni kwako vyakula visivyohitaji friji, kwa kikomo kilichowekwa mwaka 2021 cha dola 78,000 kwa mwaka. Mandazi na keki vinaingia. Sambusa za nyama na pilau haviingii. Hivyo vinahitaji jiko lenye leseni.

Tumekubaliana na wazazi wake hivi. Mpwa wangu ataomba kwanza kazi ya wikendi katika jiko la nyumba ya wazee iliyo karibu nao, asimame na masufuria yale makubwa hadi miguu imwambie ukweli. Akiona bado anaitaka, ataingia chuoni kwa cheti kifupi ambacho masomo yake yanahesabiwa kwenye digrii, asonge mbele hatua kwa hatua bila deni. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea ruzuku, tumeshaijaza.