Baa ndani ya studio

Umeme umerudi saa nne usiku, usingizi haupo, nikamweka Hound Dog Taylor, mpiga gitaa wa blues wa Marekani. Albamu yake ya kwanza, ya 1971. Sijui hii ni mara ya ngapi.

Mzee alizaliwa Natchez, Mississippi, 1915, akahamia Chicago 1942. Alipokuja kurekodi albamu hiyo alishakula chumvi nyingi, na sehemu kubwa aliila kwenye vilabu vya South Side, upande wa kusini wa jiji hilo. Jumapili mchana ungempata Florence's, baa ndogo tu. Bruce Iglauer, kijana mfanyakazi wa Delmark, kampuni ya kutoa rekodi za muziki, alitaka bosi wake amrekodi. Bosi hakukubali. Basi kijana akachukua pesa alizorithi, akaianzisha Alligator Records kwa ajili ya albamu hii moja. Usiku wa siku mbili studio, kazi kwisha, nakala 1,000.

Tena hakuna besi! Mimi nimepiga ridhimu baa miaka minne, najua tumbo linavyokukata mpiga besi asipotokea na watu wameshaagiza bia. Hawa watatu wala hawana habari. Brewer Phillips anashuka kwenye nyuzi nene za gitaa lake na kuitembeza besi humohumo, Ted Harvey anatwanga drumu, na Taylor, kipande cha bomba la chuma kidoleni, anaziburuza nyuzi mpaka spika inakoroma. Gitaa lenyewe la Kijapani, la bei ya kutupa. Fundi mitambo mwingine angeshinda wiki nzima akiondoa mikwaruzo ile, na angekuwa ameiua albamu. Wamepiga kama wanavyopiga Jumapili, kwa sauti ileile, kana kwamba kuna mtu mbele yao anacheza na glasi mkononi.

(Alizaliwa na vidole sita kila mkono. Inasimuliwa kwamba kimoja alikikata mwenyewe kwa wembe, amelewa. Mke wangu nikianza hadithi hii huondoka sebuleni.)

Umaarufu wa nje ya Chicago aliufaidi miaka michache tu. 1975 saratani ya mapafu ikamchukua.

Saa saba nikalishusha gitaa langu kutoka juu ya kabati, nikaanza kutembeza besi kwenye uzi wa sita, polepole, kisha kwa nguvu kidogo. Nilikuwa nimeanza kuipata. Jirani akagonga ukuta.