Donge moja, majina mengi

Kati ya madonge yote ya unga ya Kifaransa, shu ndilo linalonivutia zaidi. Hupikwa mara mbili, kwanza sufuriani kisha kwenye oveni, na umbo ndilo huamua jina. Neno shu lenyewe maana yake ni kabichi: vidonge vikiiva hufura na kupasuka juu kama vikabichi vidogo. Ukilikamua kwa urefu linaitwa ekleri, yaani umeme wa radi. Ukilizungusha pete ni Paris-Brest, iliyobuniwa mwaka 1910 na Louis Durand, mwokaji wa Maisons-Laffitte, kwa heshima ya mashindano ya baiskeli ya Paris-Brest-Paris. Pete ni gurudumu. Silijui jina la kitafunio lililokaa vizuri kuliko hili.

Vipimo: maji mililita 250, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150, mayai 4 na chumvi kidogo.

Katakata siagi vipande vidogo ili iyeyuke kabla maji hayajachemka. Ikichelewa, maji yanapotea kwa mvuke na vipimo vinavurugika. Yakichemka tu, epua, mimina unga wote kwa mkupuo na usonge kwa mwiko. Rudisha motoni, songa dakika 2 hivi hadi donge lijikusanye na utando mwembamba ushike chini ya sufuria. Usiiharakishe hatua hii. Donge lililobaki na maji mengi halipokei mayai ya kutosha, na mayai ndiyo yanayoshikilia kuta.

Liache lipoe kwanza, la sivyo mayai yataivia humo humo. Yapige, uyaongeze kidogo kidogo, na macho yako yawe kwenye mwiko kuliko kwenye hesabu: ukiuinua, donge lidondoke taratibu na kuacha ncha ya pembetatu inayoning'inia. Likiwa jepesi mno litatandaa kwenye trei, na kuongeza unga mbichi hakuliokoi.

Likamue kwenye trei kwa umbo unalotaka. Hamira haimo, kinachofurisha ni mvuke, kwa hiyo mlango wa oveni usifunguliwe mapema. Nyuzi 200 kwa dakika 20, kisha 180 kwa dakika 15. Tazama ndani ya mipasuko: ikiwa bado myeupe, ukiyatoa madonge yatanywea. Yakiiva, toboa kila moja chini kwa ncha ya kisu, uyarudishe dakika 5 oveni ikiwa imezimwa na mlango wazi kidogo. Krimu itiwe yakishapoa kabisa, karibu na wakati wa kula, maana gamba hulowa upesi.