Taa ya ndani ya gari la baba imenikalisha chini siku nzima

Baba yangu ana stesheni wagon ya Kijapani ya mwaka 1997, yuko nayo Tanga pale Chumbageni, na kwa miezi sasa akiingia garini usiku anabana simu mdomoni iwe tochi ndo aone tundu la ufunguo, taa ya ndani haiwaki. Macho yake sio yale ya zamani, mama naye akishuka anapapasa kwa mguu kutafuta ardhi. Nilipoenda juzi nikaona hilo likaniuma sana, nikasema jumamosi hii silali mpaka iwake.

Nikamuuliza, "Baba, kwani fundi alisemaje?" Akaniambia, "Aliweka fyuzi ikakata, akaweka nyingine ikakata, mwisho akasema niachane nayo, si taa tu mwanangu."

Nikafungua kasha la fyuzi, kwenye nafasi ya DOME (ndo taa ya ndani) nikakuta fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na karatasi yenyewe imeungua katikati. Jamani hii kitu tuache. Fyuzi ya ampea 15 kazi yake ni kufa kabla ya waya, ukiifunga karatasi unaiambia waya ife yenyewe, na waya huo unapanda juu darini kwenye kitambaa na sponji, juu ya kichwa cha baba yangu!

Sasa kabla hujagusa chochote elewa umeme unavotembea. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile taa ya ndani ina chanya muda wote kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, mara nyingi fyuzi hiyo hiyo inalisha saa na kumbukumbu ya redio (ndo maana redio ya baba ilikuwa inasahau stesheni), alafu swichi ya mlango iko upande wa hasi, ukifungua mlango inaugusisha waya na bodi, yaani bati la gari, taa inawaka. Kwahiyo taa ikiwaka yenyewe milango yote imefungwa, shuku swichi iliyoganda au waya wa swichi unaogusa bodi njiani. Fyuzi ikikata, tafuta waya wa chanya, ule ambao haujafika kwenye globu. Ukichanganya hayo mawili utanunua swichi za milango yote na fyuzi itaendelea kukata. Ila kuna magari mengine yako kinyume, chanya ndo inapita kwenye swichi, kwahiyo pima kwanza kwa mita ya umeme, usianze kugusisha waya kwenye bodi kwa mazoea.

Nilichofanya, nikachukua globu ya indiketa ya wati 21, nikaiunga nyaya mbili nikaichomeka pale pa fyuzi. Shoti ikiwepo, yaani chanya inagusa bodi, globu inang'aa kabisa na hakuna kinachoungua, shoti ikitoka inafifia au inazima. Baba nikamkalisha mbele aiangalie, mi nikawa natikisa nyaya, chini ya dashbodi kimya, nyuma ya redio kimya, nikaenda nyuma nikainua mlango wa buti, nikasikia "imefifia hiyo!" Nikashusha, "inang'aa!" Nikainua tena, "imefifia!"

Ule mpira wenye mikunjo unaotoka darini kwenda kwenye mlango wa buti, nikauvuta. Ndani nyaya saba, tatu ganda limepasuka kama udongo mkavu, na mmoja shaba yake iko nje, imegeuka kijani, inalalia bati la bawaba. Mlango umefunguliwa na kufungwa miaka yote hiyo na waya unapinda sehemu ile ile, utaacha kukatika? Huo ulikuwa unapeleka chanya kwenye taa ndogo ya buti.

Nikachomoa hasi ya betri, nikakata vipande vibovu vyote, nikaweka waya mpya laini wa unene ule ule, na maungio nikayapeleka mbali na pale panapopinda, moja ndani ya dari, jingine ndani ya mlango, yote nimeyachomelea kwa risasi nikayavisha ile mirija ya plastiki inayojibana ukiipasha moto. Tepu peke yake hapana, joto la Tanga linayeyusha gundi, inajibandua.

Fyuzi mpya ya 15 ikakaa, taa ikawaka. Mlango wa dereva ndo ukagoma, kumbe swichi inapata hasi kupitia skrubu yake na hewa ya bahari imeshaitia kutu. Msasa kidogo, ikakubali.

Alafu hakikisha taa ya buti inazima kweli ukifunga. Weka simu humo irekodi video, funga, fungua, utazame. Globu ya wati 5 inakula kama ampea 0.4, ukiliacha gari ijumaa jioni mpaka jumatatu asubuhi ni masaa 60, ampea-saa 24 zimekwenda, na betri ya ampea-saa 45 iliyochoka hapo haitoi stata.

Mlango wa nyuma kulia bado, springi ya swichi imeoza kabisa, nimeagiza ya mtumba. Nikirudi naanza na mpira wa mlango wa dereva, maana na zile nyaya za kioo zinapindia pale pale.